Mwaka wa Jinzi za Bi Zuwena

Mkulima mmoja wa mwani kutoka Micheweni aliniletea sketi nimbadilishie zipu. Niliigeuza ndani nje, kama ninavyofanya kwa kila nguo inayoingia dukani kwangu, nikaona kiunoni pametiwa kipande cha pembetatu, kimeshonwa kwa mkono, mishono midogo iliyolala upande mmoja, na mwisho wa uzi umefungwa mafundo mawili. Nikaweka mkasi chini. Namna ile ya kumaliza uzi nimeiona kwa watu wawili tu, na mmoja wao ni mimi. Nikamuuliza yule mwanamke nani kamshonea. "Bibi mmoja jirani yangu," akasema. "Alikuwa akikaa Tanga miaka mingi, mumewe kafariki, karudi kwao. Bi Zuwena. Unamjua?" Nikamjibu kwamba namjua kidogo. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, nina duka langu Wete na wanafunzi wanne wa charahani, na nilisema uongo ule mdogo haraka hivyo hivyo kama nilivyosema ule mkubwa nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

Mwaka ule nilikuwa nikikaa Jadida, hapa hapa Wete, kwa shangazi yangu, Bi Salama, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa kuwa alisomesha Kurani watoto wa kike katika ukumbi wa nyumba yake. Nyumba haikuwa na kitu kilichokaa ovyo. Majuzuu yalipangwa rafuni, misala ilikunjwa, na asubuhi tulikunywa chai ya mdalasini kwa shelisheli la kuchemsha huku yeye akinisikiliza nikisoma. Alinipenda, nalijua hilo sasa kuliko nilivyolijua wakati ule. Lakini alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nilikuwa na shida isiyoweza kusemwa mbele yake. Shida yangu ilikuwa mwili. Nilikuwa mrefu, mabega mapana, kisha kutoka kwapani hadi magotini nimekwenda moja kwa moja, sina nyonga, sina kiuno, sina cha nyuma. Kwetu mwanamke anasifiwa anapojaa chini. Nikivaa gauni linaning'inia, nikijifunga kanga inateremka. Wenzangu skuli walikuwa wamenipa jina la Mwiko, na jina hilo lilinifuata hadi Jadida, kwani binamu zangu walilileta pamoja na salamu.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Bi Zuwena, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, mnene, mwepesi wa kucheka, aliyeachwa na mume na kukaa peke yake. Aliuza mitumba ya wanawake, tena ndani. Sokoni mwanamke hana pa kujaribia nguo. Atailaza juu ya baibui, akisie, anunue, afike nyumbani ajute. Kwa Bi Zuwena kulikuwa na chumba cha nyuma chenye kioo kirefu alichokitoa kwenye kabati bovu, dirisha lenye pazia zito, na mlango wenye komeo. Humo wanawake walivua mabaibui yao. Shangazi alinituma siku moja kumpelekea bakuli la mseto, maana walikuwa majirani wa kupelekeana chakula, na nilipobisha hodi nikafunguliwa chumba kile nikiwa bado na bakuli mkononi. Walikuwamo wanawake watatu. Mmoja, mke wa mwalimu wa skuli, alikuwa amelala chali kitandani akivuta zipu ya jinzi huku wenzake wamemshika miguu, wote wanakufa kwa kicheko.

Jinzi ndizo zilizokuwa zikitafutwa mwaka ule. Wake waliozinunua walizivaa ndani kwao, au chini ya baibui walipokwenda kwenye shughuli za wanawake peke yao, wakafika, wakavua, wakaonana. Lakini zilikuwa tabu. Zilishonwa ng'ambo kwa watu wa maumbo mengine. Ikimtosha mtu mapaja, kiunoni inamwachia nafasi ya kutia ngumi. Ikimkaa kiunoni, haipandi magotini. Mke wa mwalimu alipoinuka kitandani akajitazama kwenye kioo, kicheko kikamkauka. Akasema, "Mie mwili wangu mbaya, basi." Bi Zuwena akamjibu kwa hasira ya kweli, "Usiseme hivo. Mwili wako kaumba Mungu. Hino suruali kashona ntu, na ntu hukosea." Akachukua chaki, akatia alama mbili nyuma ya kiuno na moja ubavuni, akamwambia arudi Ijumaa.

Kisha akanigeukia mimi. Alinitazama kuanzia mabegani, taratibu, bila huruma na bila dharau, kama mtu anayesoma barua. Akaingiza mkono kwenye lundo, akatoa jinzi moja ya buluu iliyoiva. "Vaa hino," akasema. Nikakataa, nikasema nimeleta mseto tu. Akasema mseto hautakimbia. Nikaivaa nyuma ya kanga waliyonishikia. Ilipanda yenyewe. Zipu ikaenda juu kwa kidole kimoja, kiuno kikakaa, miguu ikafika palepale inapotakiwa kufika. Hakukuwa na pa kupunguza wala pa kuongeza. Mke wa mwalimu akasema, "Loo! Kama kashonewa yeye." Nikajitazama. Nilikuwa nimekaa miaka na mwili nisioutaka, kumbe mahali fulani duniani yuko fundi asiyenijua aliyekata kitambaa akidhani watu wote wako kama mimi. Nililia, na Bi Zuwena akajifanya anatafuta vifungo.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikienda kwake kila baada ya Adhuhuri, Shangazi anapopumzika. Nilimwomba Shangazi ruhusa nijifunze kushona, naye akafurahi, akasema mwanamke mwenye kazi ya mikono hapotei. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote nimeijulia katika chumba kile. Nilijifunza kufungua mkanda wa jinzi kwa nyuma, kuondoa kabari ya kitambaa na kuurudisha usijulikane. Nilijifunza kutia kipande ubavuni kwa mwenye mapaja. Zaidi ya hapo nilijifunza kutazama. Bi Zuwena hakumuuliza mtu unataka rangi gani. Alimwacha atembee kwanza, akae, ainame kama anafua. "Nguo si ya kusimama nayo kwenye kioo tu," alikuwa akisema. Mwenye tumbo alimpa suruali yenye mkanda wa juu na blauzi inayoanguka wima, si ile ya kubana anayodhani inamficha. Mimi mwenye mabega mapana aliniondolea mikono ya mapulizo, ile iliyofura begani, akanipa shingo ya V na kitambaa kizito chini, na jinzi yenye mifuko mikubwa ya nyuma yenye vifuniko. "Mifuko inakupa ulichonyimwa," akasema, na mara ya kwanza nikaweza kucheka kuhusu jambo lile. Tulikula humo humo, mkate wa boflo kwa maharage, au dagaa wa kukaanga na ndimu, karatasi zimetandazwa ili mafuta yasiguse nguo.

Na mazungumzo! Nikiwa nimeinamia charahani waliamini sisikii. Mwanamke akivua baibui huvua na mengine. Nilimsikia mmoja akieleza kwamba mumewe hajamtazama tangu mtoto wa tatu, na kwamba jinzi hii anainunua kama mtu anavyonunua dawa. Nilimsikia bibi wa miaka sitini akitaka suruali kwa sababu tu hajapata kuvaa suruali, akaivaa, akatembea hatua kumi humo chumbani, akaivua, akasema, "Haya, nshaonja," akaenda zake ameridhika. Nilikuwa nikidhani mimi peke yangu naogopa kioo. Wale waliojaa, waliosifiwa, niliokuwa nikiwaonea wivu, nao walikuja wamekunja uso wakitafuta cha kuwapunguza.

Wiki chache kabla ya mwezi wa Ramadhani tulialikwa Gombani, Chake Chake, kwenye hina ya binti mmoja mteja wa Bi Zuwena. Ilikuwa shughuli ya mchana, wanawake peke yao. Nilitaka kuvaa jinzi yangu. Ilikuwa ikikaa kwa Bi Zuwena, sikuthubutu kuipeleka nyumbani. Akanikataza. "Vaa dira lako la kijani," akasema. "Watu wa pale siwajui wote, na nimesikia kuna kamera. Weye ni ntoto wa Mwalimu. Jinzi ina siku yake." Nikasema sawa. Asubuhi ya safari, alipokwenda kuoga, niliichukua kwenye lundo pamoja na blauzi nyeupe, nikavaa, nikateremsha baibui juu yake. Tulipofika Gombani aliingia kwa bi harusi kumrekebishia nguo, na mimi ukumbini nikavua baibui.

Sitasema nilijuta pale pale, maana sikujuta. Nilikaribishwa katikati. Watu waliniuliza nimetoka wapi, jinzi nimeitoa wapi, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba naitwa Mwiko. Binamu wa bi harusi akasema, "Hebu simama hapo," nikasimama, mkono kiunoni, akanipiga picha. Bi Zuwena alipotoka akaniona. Hakunigombeza mbele za watu. Alichukua baibui langu, akaniwekea mabegani, akasema kwa sauti ya chini, "Haya, umeonekana. Twende."

Siku hizo picha zilipelekwa dukani kusafishwa, na aliyezisafisha alikuwa mwanamume kama wanaume wengine. Akatoa nakala moja zaidi. Nakala ile ikazunguka, ikafika Wete, ikashikwa na vijana barazani, na mwishoni jirani mmoja akaja akaiweka mkononi mwa Shangazi, katikati ya darasa, huku akisema anafanya hivyo kwa mapenzi ya Mungu. Shangazi aliwaruhusu wanafunzi warudi kwao. Akakaa kwenye mkeka, picha imelala pajani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilichokiogopa ni kelele, na kelele hazikuja. Akaniuliza kwa sauti kama anayeuliza saa, "Nani kakuvisha hivi?"

Ningeweza kusema nimejivisha. Maneno mawili tu. Nimeyafikiria maneno hayo kwa miaka zaidi ya thelathini, nikikata kitambaa, nikisali, nikimwozesha binti yangu. Lakini niliuona uso wake, nikaona kwamba anasubiri jina, kwamba anatamani liwepo jina lingine ili aendelee kunipenda, na mimi nikampa. "Bi Zuwena," nikasema. "Alinambia nivae. Nilikataa, akanilazimisha."

Shangazi alivaa baibui lake, akanishika mkono, tukaenda nyumba ya tatu. Hakungoja kukaribishwa. Chumba cha nyuma kilikuwa na wateja wanne, mmoja nusu amevaa. Shangazi, ambaye sikupata kumsikia akipandisha sauti, alipiga kelele mpaka watu wakasimama nje. "Nimekupa ntoto umfunze kushona, ukamvua! Ukamfanya picha ya wanaume! Hiyo ndo kazi yako humu ndani, kuwavua watoto wa watu?" Bi Zuwena alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kijimto chake. Kisha akanitazama. Mimi nikatazama sakafu, kwenye vipande vya buluu vilivyoanguka kutoka mkasini. Nilisikia akisema, "Nisamehe, Mwalimu. Kosa langu." Basi.

Wateja walipungua, kwani nani angetaka mumewe asikie kwamba anaingia nyumba ile? Walikuja wawili watatu kwa kujificha, kisha hawakuja. Baada ya Sikukuu ya Mfunguo Mosi nikasikia kahama, kaenda Tanga. Shangazi alinipeleka kwa fundi mwingine, mzee mmoja mpole aliyeshona kanzu, na watu wakasema nina kipaji kwa sababu nilikuwa nimeshajua nusu ya kazi. Sikupata kumwambia mtu nimeitoa wapi.

Siku ya tatu baada ya ile sketi nilimwomba mkwe wangu anipeleke Micheweni. Nyumba ya Bi Zuwena ilikuwa juu ya mawe, ua mdogo, mwani umeanikwa kwa jirani. Alikuwa amekonda. Yule mnene mwepesi amekuwa bibi mdogo ndani ya dira kubwa, lakini macho ni yale yale, na alinitazama kuanzia mabegani. "Riziki," akasema. "Umejaa. Umepata nyonga uzeeni!" Tukacheka, tukakumbatiana, akanipikia chai. Nikamweleza yote. Nilieleza sana: jinsi nilivyokuwa mdogo, nilivyomwogopa Shangazi, nilivyoteseka baadaye. Aliponiona nalia akanipiga begani. "Weye mwana, unadhani nilikimbia kwa ajili yako? Nilikwenda Tanga nikaolewa! Alikuwa kanitaka siku nyingi yule bwana, nikamwekea ngumu. Nimekaa naye raha mpaka kafa." Nikahisi mzigo umenishuka, na pia, nisifiche, nikahisi kama nimepunguzwa: miaka yote nilidhani nimevunja maisha ya mtu. Nilipoinuka kwenda zangu akanishika kiganja. "Lakini Mwalimu yu hai?" Nikasema yu hai, kapita themanini, akili timamu. "Basi mie hukunidanganya. Nilikuwapo, nilijua. Uliyemdanganya ni yeye."

Nilikaa na neno hilo siku nzima. Kesho yake nikaenda Jadida. Shangazi alikuwa ameketi ukumbini kwenye kiti, magoti hayamruhusu tena mkeka, anasikiliza redio. Nikazima redio. Safari hii sikueleza sana. Nilisema, "Shangazi, ile picha. Nilijivisha mwenyewe. Bi Zuwena alinikataza." Nikaona midomo yake ikitikisika kama anayehesabu tasbihi, na nikajua anarudi, nyumba ya tatu, chumba cha nyuma, neno moja moja. Kisha akasema, "Nilimwambia anawavua watoto wa watu. Mbele ya watu wanne." Alikuwa anakumbuka hata idadi. "Na ningekufa je? Ningekwenda na haki ya ntu shingoni, na weye unanipikia uji kila Ijumaa." Akanyoosha mkono. "Nipe baibui langu. Yuko wapi?"

Nikamwambia ni mbali, tutakwenda wiki ijayo, joto kali. Akasema yeye hana ahadi na wiki ijayo. Mkwe wangu akaja na gari. Njia yote Shangazi alikaa mbele, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

Bi Zuwena alikuwa uani anapepeta mchele. Alipomwona nani anashushwa garini alisimama, akajifuta mikono, akaja mbio kadiri umri ulivyomruhusu. "Mwalimu! Shikamoo, Mwalimu. Ingia, ukae, usisimame juani." Shangazi hakuingia. Alisimama pale pale juu ya mawe, akavua kiatu kimoja, sijui kwa nini, labda mguu ulimwuma, akasema kwa sauti ya kusikika na majirani, na nadhani alikusudia wasikie, "Zuwena, nilikutukana mbele ya watu kwa jambo usilofanya. Niliambiwa, sikuuliza mara ya pili. Mie mwalimu, nafunza watoto wasisadiki habari mpaka waithibitishe, na sikuthibitisha. Nakuomba radhi." Bi Zuwena alikuwa analia na kumvuta mkono kwa pamoja, anasema yamekwisha, yamekwisha zamani, Mwalimu, nimekusamehe duniani na akhera.

Tukaingia. Shangazi akakalishwa kitandani, akapewa maji. Alikunywa gilasi nzima, akairudisha, kisha akanitazama mimi niliyebaki nimeegemea mlango, nimefurahi, nafuta macho kwa ncha ya ukaya wangu wa kichwani kama mtazamaji wa harusi. "Na weye?" akasema. "Umeshamwomba?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Nikakumbuka chai ya siku ile, maneno yangu yote, udogo wangu, woga wangu, mateso yangu. Nilikuwa nimemweleza. Kuomba sikuomba. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikasema, "Bi Zuwena, nilikusingizia. Nisamehe."

Nilingoja acheke, kama alivyocheka mara ya kwanza, anitajie tena mume wa Tanga. Hakucheka. Alikaa kando ya Shangazi, mikono imelala mapajani, akanitazama usoni muda mrefu.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini niliumia, Riziki. Siku ile niliumia sana."

Shangazi akamshika mkono. Mimi sikuinuka, na hakuna aliyeniambia niinuke.